Asiyekuwepo na Lake Halipo: Kazi za Umma na Watoto wa Oldonyiro

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia katika ofisi za wafanyakazi wa serikali: kupokea barua za maombi ya kazi, kupanga mafaili, kuandika kumbukumbu za majopo ya usaili, kuandaa barua za kuajiri na barua za kukataa. Kazi hiyo imenifunza kwamba ubaguzi wa kikabila hauhitaji mtu wa kutukana wala wa kupiga meza. Mara nyingi hufanywa na watu waungwana, kwa kalamu, mwombaji akiwa bado hajafika mlangoni. Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa Oldonyiro, mlango huo naujua kwa pande zote mbili.

Oldonyiro ni wadi ya magharibi ya Kaunti ya Isiolo, katika eneobunge la Isiolo Kaskazini, mpakani na Laikipia na Samburu. Wengi wetu ni Wasamburu na Waturkana, wafugaji. Soko letu la mifugo linajulikana mbali. Siku ya soko malori huja kutoka Nanyuki na kwingineko, na mbuzi wetu huliwa hadi Nairobi. Kufika mjini Isiolo, makao makuu ya kaunti, ni safari ya barabara ya vumbi kupitia Kipsing, na mvua ikinyesha laga, mito ya msimu, hufurika, magari yakalala njiani.

Utotoni mwangu, ukimtoa chifu na askari wa akiba, karibu kila mtu wa serikali alikuwa mgeni. Mwalimu alitoka mbali, polisi alitoka mbali, afisa wa mifugo alitoka mbali ingawa mifugo ndiyo tuliyoijua kuliko kitu kingine chochote. Tulikua tukiamini kwamba serikali ni watu fulani wanaoishi upande wa pili wa milima, na kwamba sisi kazi yetu ni kuhudumiwa nao wakipata nafasi. Wazee wetu, kama wazee wengi wa kaskazini, walisema mtu "amekwenda Kenya" akishavuka Isiolo kuelekea Meru au Nairobi. Walisema hivyo bila mzaha.

Nakumbuka siku moja katika zahanati, nikiwa msichana wa shule ya msingi. Mama mmoja wa Kisamburu alimleta mtoto aliyekuwa akiharisha, macho yamezama, midomo imekauka. Muuguzi alitoka magharibi ya Kenya, mtu mwema sana, aliyetuvumilia katika joto na upweke. Hakujua Kisamburu, na mama hakujua Kiswahili. Niliitwa nikatafsiri. Muuguzi aliuliza mtoto ameharisha siku ngapi. Mama akajibu kwamba alianza kabla boma halijahama. Muuguzi akakunja uso, akauliza tena siku ngapi, na mama akataja tena kuhama kwa boma. Kwa bahati nilijua walihama lini, nikahesabu kwa vidole, nikasema. Muuguzi alishtuka, akaacha kuandika, akaanza kumnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari pale pale. Yeye alikuwa tayari ameandika kwenye kadi kwamba ugonjwa ulianza jana.

Mtoto alipona. Lakini tangu siku hiyo sikuweza tena kuamini kwamba suala la nani anaajiriwa ni suala la mishahara tu. Muuguzi anayejua boma la fulani lilihama lini huweza kuokoa maisha kwa maarifa ambayo hayafundishwi chuoni. Askari anayeelewa wazee wanaponong'ona huweza kuzuia wizi wa mifugo kabla risasi hazijalia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu sisi methali hiyo imekuwa sera ya serikali kwa zaidi ya karne moja.

Natumia neno sera kwa makusudi. Waingereza waliitawala kaskazini kama eneo lililofungwa. Amri ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902 ilimzuia mtu kuingia bila kibali, na Amri ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934 ikazidi kubana mienendo ya wafugaji. Shule zilizojengwa na wamishonari katikati na magharibi mwa nchi hazikutufikia kwa kadiri hiyo. Katika utumishi wenyewe, cheo kilifuata rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa umma wa Afrika Mashariki mwaka 1947 na 1948, ilipendekeza asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu hata wakifanya kazi ile ile. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyopendekeza kuachana na mizani hiyo ya rangi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, viti vya Wazungu vilihitaji kujazwa upesi na Waafrika. Vilijazwa na waliokuwa na vyeti, na vyeti vilikuwa kule ambako shule zilikuwako. Huku kaskazini vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimeanza, na hali ya hatari ikatangazwa. Kisha Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ukasema fedha za maendeleo ziwekezwe penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili faida iwe kubwa. Hesabu hiyo iliziacha nje nyanda kame zote. Hivyo ngazi iliyojengwa kwa rangi ikabaki imesimama; waliopanda walibadilika, na sisi tukabaki pale pale chini yake. Kijana wa Oldonyiro anayekosa kazi leo hana haja ya kutafuta mchawi. Babu yake alifungiwa njia ya shule kwa sheria iliyoandikwa.

Mimi nilibahatika kusoma. Nilipomaliza, niliomba kazi ya ukarani katika ofisi moja ya umma. Wakati huo Isiolo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mashariki, na makao makuu ya mkoa yalikuwa Embu. Nilipanda lori la mbuzi hadi Isiolo, nikalala kwa ndugu wa mama huko Bulla Pesa, asubuhi nikachukua basi. Nilifika kwenye usaili nguo zangu zikinuka moshi na mifugo, lakini vyeti vyangu nilikuwa nimevifunga vizuri kwenye nailoni.

Mwenyekiti wa jopo aliangalia jina langu la ukoo. Majina mengi ya Wasamburu huanza na Le, na mtu aliyezoea ofisi hahitaji kuuliza zaidi. Akasema, "Wewe ni Msamburu. Mbona hukuomba kupitia Samburu?" Nikamjibu kwamba nimezaliwa Oldonyiro, na Oldonyiro ni Isiolo. Akageukia wenzake. Mmoja akasema kwa upole, kama anayenisaidia, "Binti yetu, nafasi ya Isiolo tumeshampa mtu wa Isiolo." Wa pili akaeleza kwamba nafasi za Wasamburu hujazwa kutoka Wilaya ya Samburu, ambayo ni Mkoa wa Bonde la Ufa. Walinishukuru kwa kufika. Hawakuniuliza swali hata moja kuhusu kazi.

Nimeyatafakari mazungumzo hayo maisha yangu yote. Wale wazee hawakunichukia. Walikuwa na orodha yenye visanduku, na katika kila kisanduku palikuwa na kabila moja na mahali pamoja. Msamburu wa Isiolo, Mturkana wa Isiolo, Msakuye wa Garbatulla, hao hawakuwa na kisanduku. Huko Samburu tunaambiwa sisi ni wa Isiolo. Isiolo tunaambiwa sisi ni wa Samburu. Nchi nzima ina watu wa namna hiyo, watu walio wachache ndani ya wachache, na kila mpango wa usawa unaohesabu makabila makubwa tu huwapita bila kuwaona.

Baadaye nilipata kazi kwingine. Sikupata kwa kujuana, maana sikuwa na wa kujuana naye. Mwenyekiti wa jopo la huko alikuwa mzee mmoja mkali wa utaratibu. Kila msaili alipewa karatasi yake, akatoa alama kwa kila swali bila kuzungumza na mwenzake, na karatasi zikakusanywa kabla ya mtu kufungua mdomo. Nilikuja kufanya naye kazi, nikamuuliza kwa nini alisisitiza hivyo. Alisema, "Mama, watu wakianza kuongea kabla ya kuandika, wataongea habari za nyumbani kwao." Hilo ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopata katika taaluma hii. Nia njema ya msaili si kinga. Kinga ni utaratibu ambao hata mwenye nia mbaya atashindwa kuupinda kwa urahisi.

Nilipoanza kukaa upande wa pili wa meza, niliona kwamba kazi nyingi huwa zimeshaamuliwa kabla ya usaili. Tangazo hubandikwa kwenye ubao wa makao makuu na kuwekwa kwenye tovuti, muda wa kuomba ukiwa mfupi. Kijana wa Longopito atalisikia likiwa limepita. Akilisikia mapema, atahitaji nauli ya kufika penye saiba, na pesa ya kuskani na kutuma. Kwa miaka mingi aliombwa pia rundo la vyeti: cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho kililipiwa ada, cheti cha kodi, cha mkopo wa elimu ya juu, cha tume ya maadili, cha ofisi za mikopo. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili vyeti hivyo vidaiwe kwa aliyekwisha kupewa kazi tu. Marekebisho mema, lakini yaliwakuta wengi wameshakata tamaa.

Hata akishinda hayo yote, kuna simu. Niliwahi kukaa katika chumba ambako waliochujwa walikuwa wakipigiwa waje kwenye usaili kesho kutwa. Karani alipiga, akasikia mteja hapatikani, akapiga tena, akaweka alama ya mkato na kuhamia jina linalofuata. Nilitazama orodha ile mwishoni. Waliokatwa walikuwa karibu wote wa sehemu zisizo na mtandao, na nafasi zao zilijazwa na waliokaa mjini, ambao walikuwa watoto wa kabila moja na nusu ya waliokuwa chumbani. Niliomba siku ziongezwe na ujumbe upitishwe kwa machifu. Nilijibiwa kwamba ofisi haiwezi kungoja watu walioko porini. Niliandika pingamizi langu katika kumbukumbu za mkutano, na bado liko humo.

Sheria za kutuokoa zipo, na ni nzuri. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya damu kumwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 232, inaamuru utumishi wa umma uwakilishe jamii mbalimbali za Kenya, na uwape wanawake na wanaume, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu nafasi sawa za kuajiriwa, kufunzwa na kupandishwa vyeo. Kifungu cha 56 kinataka mipango maalumu ya kuwapa walio wachache na waliotengwa nafasi za kazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo.

Vipimo navyo tunavyo. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipokagua utumishi wa serikali na kutoa ripoti mwaka 2011, Wakikuyu na Wakalenjin, jamii zilizokuwa zimetoa marais wote watatu hadi wakati huo, walikuwa pamoja karibu asilimia 39 ya wafanyakazi, ilhali kwa sensa ya 2009 walikuwa kama asilimia 30 ya Wakenya. Tume hiyo hiyo ilipozigeukia kaunti, katika ripoti ya mwaka 2016, ilikuta nyingi kati ya zote 47 hazijaifuata kanuni ya asilimia 30. Ugatuzi uliokuja mwaka 2013 ulituletea serikali karibu, na ukaleta pia ukubwa wa kabila karibu. Jamii iliyolia kwa miaka hamsini kwamba Nairobi imeibagua, ikipata kaunti yake, huona ni zamu yake. Anayelipia zamu hiyo ni jirani mdogo.

Na sisi wa Oldonyiro tusijitoe. Niliporudi nyumbani likizo moja, ilikuja kazi ya muda ya serikali, na vijana walitakiwa kuteuliwa katika baraza chini ya mti. Wazee walianza kutaja majina. Wasamburu wakataja Wasamburu, Waturkana wakataja Waturkana, na waliokuwa wengi siku ile wakataka kumaliza orodha kwa kelele. Mama mmoja mjane, Mturkana, alisimama na mwanawe aliyekuwa na cheti kizuri cha kidato cha nne. Alisema neno moja tu: "Huyu mnamjua, mlimwona akisoma." Pakawa kimya, kisha mzee mmoja wa Kisamburu akasema kijana aandikwe, na baraza likaanza upya kwa kutazama vyeti. Nyani haoni kundule. Tukidai haki Isiolo mjini na Nairobi, lazima tuitende kwanza chini ya mti wetu.

Wako wanaosema kwamba kuzingatia makabila ni kuua sifa na uwezo. Nimelisikia neno hilo katika kila jopo, na kwa kawaida huletwa na yule ambaye watu wake wamejaa tayari. Wasome Kifungu cha 232 vizuri. Katiba inataja ushindani wa haki na sifa kuwa msingi wa kuajiri, lakini kwa masharti ya uwakilishi wa jamii zote. Walioiandika walijua kwamba alama ya C ya mtoto aliyesoma darasa lisilo na mwalimu wa hesabu kwa mwaka mzima, akitembea kilomita nyingi kwenda shule wakati wa ukame, haina uzito sawa na C ya aliyesoma akiwa na vitabu, taa na walimu wote. Kumtazama mtoto huyo kwa makini ni kutafuta uwezo pale ulipo.

Tena uwakilishi huo unawezekana. Ireland Kaskazini ilikuwa na polisi ambao Wakatoliki hawakuwaamini, kwa kuwa walikuwa karibu asilimia 8 tu ya askari. Baada ya ripoti ya Patten ya mwaka 1999, iliamuliwa kwamba kuanzia 2001 nusu ya kila kundi jipya la makurutu wawe Wakatoliki. Utaratibu huo ulikomeshwa mwaka 2011, na kufikia hapo Wakatoliki walikuwa wamekaribia asilimia 30. Kulikuwa na sheria, kulikuwa na namba iliyo wazi, kulikuwa na muda wa kumaliza. Kwetu tunayo sheria na tunayo namba. Tunachokosa ni muda uliowekwa na mtu wa kuwajibika ukipita.

Ninachoomba basi si kigeni. Bodi za utumishi wa umma, matangazo ya kazi yasomwe barazani na siku ya soko, yakae muda wa kutosha, na wito wa usaili upitie kwa chifu pale ambapo simu hazishiki. Usaili wa kazi za wadi ufanyike katika wadi. Alama ziandikwe kabla ya mazungumzo. Kila mwaka ichapishwe orodha ya wafanyakazi kwa kabila, kwa cheo na kwa wadi wanakotoka, maana ofisi inaweza kuwa na sura nyingi getini na sura moja kwenye meza kubwa. Wawakilishi wa wadi, ulizeni orodha hiyo kabla ya kupitisha bajeti. Wazazi wenzangu, msimtoe mtoto shuleni awe mchungaji, wala binti aolewe, kwa kuwa hakuna sheria itakayomwajiri asiye na cheti. Nanyi vijana, ombeni kazi hata mkiambiwa nafasi zina wenyewe. Mkinyimwa, daini jibu kwa maandishi, na malalamiko yenu yapelekeni kwa Tume ya Uwiano au kwa Tume ya Haki ya Utawala. Faili lenye malalamiko ya maandishi haliwezi kupuuzwa kama manung'uniko ya barabarani. Nimeyashika mafaili hayo, najua yanavyowasumbua wakubwa.

Siku ya soko, kila mbuzi anayeuzwa Oldonyiro hulipiwa ushuru, na ushuru huo ni sehemu ya fedha zinazolipa mishahara ya umma. Hakuna anayemuuliza mbuzi ni wa kabila gani kabla ya kuupokea. Serikali inayochukua ushuru wa mbuzi wote ina deni la kuwaajiri watoto wa wenye mbuzi wote, na deni hilo limecheleweshwa vya kutosha.